Makala Kuhusu Watu wa Ulemo

Shule ya Kati ya Wasichana,
Mwankoko, Singida.
12 Agosti 1956

Kwa Daktari B. Kagaruki,
Maabara ya Utafiti wa Homa, Dodoma.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Hunijui, na naomba unisamehe kwa kukuandikia. Jina langu ni Dorika Filipo. Nina umri wa miaka kumi na sita na nasoma darasa la saba. Kwetu ni Ulemo, Iramba.

Mwezi uliopita daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao alituachia masanduku mawili ya vitabu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa kazi ya kuvipanga kwa sababu mimi sichezi netiboli. Chini kabisa ya sanduku la pili palikuwa na majarida ya udaktari. Nilifungua moja niangalie tarehe tu, nikaona neno Ulemo. Nikalifunga. Nikalifungua tena, na neno lilikuwa bado lipo.

Nimeisoma makala yako kwa kamusi siku nne. Kama nimeelewa vizuri, ulikuja kwetu mwaka 1953 na kuwatoa damu watu 140. Ukaona kwamba homa ya papasi, wale kupe wa nyumbani, ambayo humwangusha msafiri akilala kwenye sakafu zetu za udongo, sisi wenyewe haitupati. Ukaandika kwamba watu wa Iramba wana kinga ya kuzaliwa. Nimeinakili sentensi hiyo katika daftari langu. Sijawahi kuona kijiji chetu kimepigwa chapa mahali popote, hata kwenye ramani ya shule.

Nina maswali mawili. Umeandika makala ngapi? Na mtu akishaandika, anajuaje kwamba kuna aliyesoma?

Wako mtiifu,
Dorika Filipo


Maabara ya Utafiti wa Homa, Dodoma.
30 Agosti 1956

Binti Dorika,

Marahaba. Makala hiyo imeniletea barua kutoka Nairobi, London na Leopoldville. Kutoka Iramba, yako ni ya kwanza. Nimemsomea mke wangu, akasema hatimaye nimepata msomaji asiyetaka kubishana.

Nimechapisha makala nane. Saba zimesomwa na mimi, na mhariri, na mke wangu anayenisahihisha koma. Ya nane ni hiyo uliyoiona. Swali lako la pili ni gumu kuliko unavyofikiri. Mwandishi mwingine akitumia kazi yangu, hunitaja jina chini ya ukurasa wake. Kila nikitajwa, naandika kadi na kuitia katika sanduku la viatu. Makala zile saba zina kadi sita kwa jumla. Ya Ulemo peke yake ina thelathini na nne.

Usinicheke kwa kuhesabu. Mkuu wetu wa maabara anastaafu, na mwezi wa nne mwakani kamati itakaa Dar es Salaam kumchagua mwingine. Kiti hicho hakijakaliwa na Mwafrika. Mimi nimesomea Makerere, nimefanya kazi hapa miaka tisa, nami nimeomba. Watataka orodha ya maandishi yangu na kuuliza nani anayatumia. Nitakuwa nimebeba sanduku langu la viatu kama mchuuzi.

Sasa nami nina swali. Wewe ni mtu wa Ulemo, na umeisoma. Kuna neno lolote ndani yake lisilo kweli?

Bonaventura Kagaruki


Mwankoko, Singida.
16 Septemba 1956

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Nilifurahi mno kupata jibu, hata sikuweza kula mchana.

Uliniuliza kama kuna neno lisilo kweli. Uliandika kwamba eneo mlilopima lina nyumba sitini na moja. Nimezihesabu kichwani nikapata sitini. Nadhani moja ni zizi la mbuzi la mzee Yeremia, ambalo lina mlango kama wa nyumba. Zaidi ya hapo sikuona kosa. Kuna jambo moja la nyumbani ambalo halimo, lakini ni la kina bibi na si la kitaalamu, kwa hiyo siliandiki.

Mwezi wa kumi na mbili nitakwenda Ulemo. Sijafika huko kwa miaka miwili. Likizo zangu zote nimekaa Utemini kwa baba mdogo, maana mkewe ana mapacha na mimi ndiye ninayewabeba. Nitaisoma makala yako kwa sauti mbele ya bibi yangu, Bibi Yunisi. Atacheka, lakini nitaisoma.

Nakuombea kwa kamati.

Dorika Filipo


Mwankoko, Singida.
27 Januari 1957

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Nilichelewa kurudi shuleni wiki tatu kwa sababu ya malaria. Sasa sijambo. Sikupata nafasi ya kumsomea Bibi makala.

Natumaini kazi inaendelea vizuri.

Dorika Filipo


Maabara ya Utafiti wa Homa, Dodoma.
5 Februari 1957

Binti Dorika,

Pole sana kwa malaria. Barua yako ni fupi kama hati ya simu, na mke wangu anasema nimekuchosha kwa habari za kadi. Kama ndivyo, uniambie tu.

Nitakuchosha mara moja zaidi, maana nina habari nzuri na sina mwingine wa kumwambia ambaye hataona ninajisifu. Kwanza, kadi ya thelathini na tano imetoka Dakar. Pili, Idara ya Afya imechukua maneno ya makala yangu na kuyapeleka kwenye zahanati zote za kando ya reli. Wauguzi wameambiwa wamkinge na papasi kila mgeni anayekwenda Iramba, na kwamba wenyeji wa huko hawahitaji tahadhari. Nimekaa miaka tisa nikiandika kwa ajili ya watu wanaoandika. Sasa muuguzi wa kawaida ananisoma na anafanya ninachosema. Hiyo sina kadi ya kuiandikia.

Soma kwa bidii. Na unywe kwinini yako.

Bonaventura Kagaruki


Itigi, nyumba za reli.
17 Februari 1957

Mdogo wangu Dorika,

Natumaini u mzima na umeacha kusoma usiku kwa mshumaa kama panya. Mimi ni mzima, na tena si mimi peke yangu. Keti chini kwanza.

Nina mimba, na imepita miezi minne. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa kuisema. Unajua miaka sita hii nimeishije. Mama mkwe wangu huwaambia watu kwamba mwanawe Mathayo alioa mwanamke wa kuja kutazama treni. Juzi aliniletea mtama kwa mikono yake mwenyewe, akanionya nisibebe ndoo. Nilitaka kumuuliza kama amekosea nyumba.

Sasa mama na Bibi Yunisi wanasema mtoto wa kwanza azaliwe kwetu Ulemo, na ndivyo ilivyo, siwezi kubisha. Nitaondoka mara baada ya Pasaka nikae huko mpaka nijifungue. Muuguzi hapa kwanza alikataa. Alisema mama mjamzito akipata homa ya papasi mimba haikai, amewaona wawili mwaka jana. Nikalia. Halafu akaniuliza kabila, nikamwambia Mnyiramba, akatoa karatasi akaisoma, akatabasamu. Akasema, "Basi nenda. Daktari mmoja wa Dodoma ameandika kwamba ninyi mmezaliwa na kinga." Mdogo wangu, nilimshukuru huyo daktari kama ndugu yangu. Si ndiye yule unayeandikiana naye? Mwambie asante.

Dada yako,
Raheli


Mwankoko, Singida.
23 Februari 1957

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Naandika barua hii bila kuandika ya majaribio kwanza, kwa hiyo itakuwa na makosa.

Daktari, sikuugua malaria. Siku ya nane baada ya kufika Ulemo nilipata homa. Ilinishika siku nne, ikaniacha wiki moja, ikarudi. Ilirudi mara tatu. Bibi alinitazama siku ya kwanza akasema, "Nyumba imekusahau." Ni homa ya papasi. Nimeilinganisha na ukurasa wako wa pili na inafanana kila kitu.

Sasa nitakuambia jambo la kina bibi. Kwetu mtu akiondoka kwenda kukaa mbali hupewa papasi wa nyumbani kwao ndani ya kibuyu kidogo cha ugoro, pamoja na udongo wa sakafu. Kila mwezi anamtoa mmoja anamwacha amuume. Bibi husema hivyo ndivyo nyumba inavyoendelea kumjua mtu, na asipofanya hivyo akirudi itamchukua kama mgeni. Mimi nilipewa kumi na wawili nilipokuja shule. Siku ya kwanza mwalimu wa afya alituambia anayekuja na wadudu atarudishwa kwao. Niliona aibu. Nikakitupa kibuyu katika moto wa jikoni, na mwezi wa kumi na mbili nikamwambia Bibi kimepotea njiani nilipokuwa narudi.

Tena nilikuwepo mwaka 1953. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama nyuma ya Bibi wakati mkalimani wako alipouliza kwa nini hatuugui. Mwaka uliotangulia Bwana Afya alikuwa amechoma mikeka yetu kwa sababu ya wadudu. Nani angekuambia kwamba tunawafuga? Bibi akajibu, "Tumezaliwa hivyo." Mlipoondoka, wanawake walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi pia nilicheka.

Niliyajua haya yote nilipokuandikia barua ya kwanza, lakini niliamini kilichopigwa chapa kuliko nilichokiona. Nilipougua nikajua kwamba makala ina kosa. Nikanyamaza kwa sababu ya kamati na sanduku lako la viatu. Nilidhani nakusaidia.

Leo nimepata barua ya dada yangu Raheli, mke wa Mathayo wa reli, anayekaa Itigi. Amekaa miaka sita katika nyumba ya saruji. Ana mimba yake ya kwanza, na baada ya Pasaka anakwenda Ulemo kujifungua. Muuguzi amemruhusu kwa sababu ya karatasi yako. Nimemwandikia asiende, lakini mimi ni mdogo wake, hatanisikiliza. Wewe atakusikiliza.

Naomba unisamehe, na naomba ufanye haraka.

Dorika


Maabara ya Utafiti wa Homa, Dodoma.
6 Machi 1957

Dorika,

Barua yako niliisoma mara moja, nikapeleka simu Itigi saa ileile kumzuia muuguzi, na nikamwandikia shemeji yako Mathayo. Kisha nikaiweka barua chini ya karatasi nyingine kwa siku mbili, kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikukasirikia wewe, na bibi yako, na wanawake waliocheka. Siku ya tatu mke wangu aliisoma. Akaniuliza ni mimi au ni wao waliokuwa wakilipwa kujua. Hasira ikaisha, ikabaki aibu.

Neno "kuzaliwa" nililipata kinywani mwa mkalimani na sikulichunguza, kwa sababu lilikuwa ndilo neno nililolitaka. Bibi yako anasema nyumba inamsahau mtu. Mimi ningesema mwili ndio unaosahau: ukiumwa mara kwa mara unajifunza kupigana na homa hiyo, ukikaa muda mrefu bila kuumwa unaacha. Yeye na mimi tunasema jambo moja, ila yeye amelijua mapema.

Lakini siwezi kuifuta makala yenye watu 140 kwa mtu mmoja mwenye homa. Watasema kweli ilikuwa malaria. Hapo shuleni kuna wasichana wangapi wa Iramba? Nahitaji kujua kwa kila mmoja: alikaa mbali na kwao muda gani, aliporudi aliugua au hakuugua, na homa ilirudi mara ngapi. Usiwaulize kwa nini. Mimi niliuliza kwa nini, na umeona nilichojibiwa. Uliza lini, wapi, siku ngapi.

Najua wewe ni mtu wa kunyamaza. Sina mwingine wa kumtuma.

B. Kagaruki


Itigi, nyumba za reli.
12 Machi 1957

Mdogo wangu,

Nyumba yangu imekuwa baraza la madaktari. Muuguzi amekuja kusema nisiende. Mathayo amepata barua ya mihuri kutoka Dodoma inayosema nisiende. Wewe unasema nisiende. Huyu daktari ni yuleyule wa mwezi uliopita au wako wawili? Mwezi wa pili nimezaliwa na kinga, mwezi wa tatu sina. Mama mkwe anasema mtu anayebadilika hivyo asichanje hata ng'ombe.

Nilimpelekea Bibi habari kwa Simeoni, yule dereva wa lori. Jana Simeoni amerudi na jibu, na kibuyu. Bibi anasema kweli nyumba itakuwa imenisahau, ni kosa langu kwa kuwaacha papasi wangu wafe mwaka ule wa kwanza, lakini dawa ipo. Niwaache wawili waniume sasa, nikifika Ulemo nitakuwa nimeshajulikana. Daktari amenidanganya mara moja. Bibi hajanidanganya hata siku moja. Nitakifungua Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, Mathayo akiwa zamu, maana anaogopa wadudu kuliko simba.

Usilie, najua unalia.

Raheli


Mwankoko, Singida.
18 Machi 1957

Dada Raheli,

Shikamoo. Usikifungue.

Bibi hakudanganyi. Lakini kibuyu ni cha mtu anayeondoka nyumbani, ambaye mwili wake bado unajua. Mimi nilikaa mbali miaka miwili tu, na aliyenikuta nyumbani akaniuma ni papasi wa nyumba ileile, wa sakafu ileile alikowatoa Bibi hao wako. Nilikuwa kitandani siku ishirini na tano. Mama alikuwa akinigeuza. Wewe ni miaka sita, na hauko peke yako, una mtoto tumboni.

Kuna jambo sijalisema. Kibuyu changu hakikupotea njiani. Nilikichoma moto kwa aibu siku ya kwanza ya shule, nikamdanganya Bibi. Ningesema kweli, Bibi angejua kwamba miaka miwili inatosha mtu kusahauliwa, na angekuwa na hofu juu yako. Kwa hiyo umedanganywa na watu wawili, daktari na mimi. Sasa nimesema. Niamini kwa hilo moja.

Mpe muuguzi kibuyu kikiwa kimefungwa. Nakuomba kwa kitovu cha mama yetu.

Dorika


Mwankoko, Singida.
25 Machi 1957

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Nimefanya ulivyoniagiza.

Wasichana wa Iramba hapa ni kumi na mmoja pamoja nami. Siku mbili nilizunguka na daftari bila kuuliza mtu. Siku ya tatu tulikuwa tunachambua mchicha jikoni, na msichana anayeitwa Hana aliniuliza kama nimeandikiwa barua ya posa, maana naishika karatasi hiyo kama yai. Wote wakacheka. Nikasema, "Nani kati yenu aliugua aliporudi nyumbani?" Sikuwa nimepanga kusema hivyo, sauti ilitoka yenyewe. Kisha Melania akasema yeye, siku kumi na tisa, na kwao walidhani amerogwa na wivu wa shule.

Matokeo ni haya. Wasichana wanne huenda kwao kila likizo, na hakuna aliyeugua hata mmoja. Sita, nikiwamo mimi, tulikaa mbali zaidi ya mwaka mmoja ndipo tukarudi. Watano tuliugua homa inayorudi. Wa sita alikaa siku tatu tu nyumbani, akalala kwenye kitanda cha miguu mirefu, hakuugua.

Wa kumi na mmoja ni Hana. Amekaa mbali miaka mitatu, akaenda kwao Krismasi akalala chini mwezi mzima, hakuugua hata kichwa. Nilimuuliza siku ngapi, wapi, lini, akajibu yote. Sikuuliza kwa nini. Nilifunga daftari nikaondoka. Akanifuata hadi bwenini, akafungua sanduku lake, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani palikuwa na udongo na papasi watano. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huenda nao nyuma ya ghala. Akasema, "Mwambie daktari wako, ila ukimwambia matroni nitakuweka mmoja sikioni."

Naomba jina lake lisiandikwe. Mengine nimeyapanga katika jedwali upande wa pili.

Kuhusu dada yangu, sijapata jibu. Leo ni Jumatatu. Jumapili ijayo ndiyo siku aliyosema atafungua kibuyu.

Dorika Filipo


Maabara ya Utafiti wa Homa, Dodoma.
16 Aprili 1957

Binti Dorika,

Kibuyu kiko mezani kwangu. Muuguzi wa Itigi alikileta kwa mkono wa mlinzi wa treni, kimefungwa kwa nta na kitambaa, na juu yake karatasi yenye mwandiko wa dada yako: "Chukueni, mdogo wangu amenisumbua." Kulikuwa na papasi tisa. Nimewapasua wote chini ya darubini. Wanne walikuwa na vijidudu vya homa. Nilikaa muda mrefu nikiwatazama hao wanne.

Jedwali lako ni safi kuliko langu la 1953, na nimeliongezea wafanyakazi kumi na wanane wa reli wenye asili ya Iramba, niliowauliza lini, wapi, siku ngapi. Habari ni ileile. Makala fupi ya kurasa tatu ilipelekwa tarehe pili Aprili. Inasema kinga ya watu wa Iramba hupatikana kwa kuumwa, na kwamba hupotea mtu akikaa mbali, pengine ndani ya mwaka mmoja. Inasema pia kwamba watu wenyewe walilijua hilo na kulitengenezea njia, na kwamba mwandishi alishindwa kuuliza. Nimeeleza wasichana waliulizwa na nani. Hana ameandikwa "Mtu wa 11".

Rafiki yangu mmoja aliniomba niicheleweshe kidogo. "Wiki mbili tu, Bonaventura," alisema, "kamati ikae kwanza." Alinitakia mema. Lakini ile karatasi ya zamani ilikuwa bado imebandikwa katika kila zahanati kati ya hapa na Tabora, na sikujua ni akina Raheli wangapi walikuwa wanafunga mizigo yao ya Pasaka. Nikapeleka karatasi mpya kwanza, kisha makala, kisha orodha yangu kwa kamati. Kwenye namba nane niliandika: ina kosa, tazama namba tisa.

Kamati ilikaa Alhamisi. Waliniuliza dakika arobaini kuhusu namba nane na dakika tano kuhusu zote nyingine. Kiti wamempa bwana mmoja anayetoka ng'ambo. Ni mtu mwenye adabu, ameandika makala hamsini na mbili. Nisingesema ukweli kama ningekuambia haikuniuma. Lakini nilipokuwa natoka, mjumbe mmoja alinifuata mlangoni akauliza mwili unachukua muda gani hasa kusahau, na kama mtoto mchanga anapata chochote kutoka kwa mama yake. Nikamwambia sijui. Akasema ni swali la miaka mitatu. Juzi imekuja barua: nimepewa miaka mitatu, na msaidizi mmoja, kulitafuta jibu.

Nimezitoa kadi zote thelathini na tano za Ulemo katika sanduku. Nawaandikia wale watu mmoja mmoja kwamba nilikosea. Nimefika wa kumi na mbili. Ni kazi nzuri kuliko nilivyotazamia, wengine wana majina mazuri sana.

Bonaventura Kagaruki


Mwankoko, Singida.
28 Julai 1957

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Raheli amejifungua tarehe kumi Julai huko Itigi, mtoto wa kike, naye na mama yake hawajambo. Amepewa jina la mama mkwe, Yunge, na sasa mama mkwe huyo hataki mtu mwingine ambebe.

Hakwenda Ulemo. Ulemo ndiyo iliyokwenda kwake. Mama na Bibi Yunisi walipanda lori la Simeoni mpaka Manyoni, kisha treni. Kabla hawajaondoka nilimwandikia Bibi habari ya kibuyu nilichokichoma, na mwalimu wa kanisa akamsomea. Nilingoja wiki tano. Walipopita hapa Singida nilikwenda kuwaamkia kituoni. Bibi alinitazama kutoka juu ya lori, akaniambia niongee kwa sauti maana injini inanguruma. Nikasema mbele ya abiria wote kwamba nilimdanganya. Akasema sawa, nimpe maji ya kunywa. Kisha akasema hili, na ameniagiza nilifikishe kama lilivyo: "Huyo daktari wako akitaka kujua nyumba inachukua muda gani kumsahau mtu, aje aniulize mimi. Nimewahesabu tangu kabla ya vita vya Wajerumani. Na asije na mkalimani. Aje na wewe."

Mwalimu wangu amesema naweza kupata ruhusa likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Hana naye anataka kuja, anasema nisipokuwa na mtu wa kunisemea nitauliza watu wawili kwa wiki.

Kuna jambo la mwisho, na nadhani unapaswa kulijua kwa sababu halitafika kwako kwa njia nyingine. Raheli alimpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito. Karatasi yako mpya imebandikwa ukutani, juu ya mizani. Zamani muuguzi alikuwa akimuuliza kila mama kabila. Sasa anauliza, "Umekaa miaka mingapi mbali na kwenu?" Mbele ya Raheli katika foleni alikuwepo mwanamke mmoja wa Kiomboi, huko kwetu Iramba, mke wa fundi wa reli, mimba yake miezi mitano, na mzigo wake wa safari ulikuwa tayari umefungwa mlangoni. Alijibu miaka minne. Muuguzi akaweka kalamu chini, akamvutia kiti.

Dorika Filipo